Kibali cha bastola kinaishia mpakani: mwongozo wa kuvuka majimbo ya Marekani ukiwa na silaha

Ilikuwa Ijumaa, saa mbili kasoro usiku, simu ikaita. Shemeji yangu alikuwa njiani kutoka Columbus, Ohio, kwenda Jersey City kwenye harusi ya mpwa wake. Amesimama kujaza mafuta karibu na Easton, Pennsylvania, anataka nimsaidie kutafuta hoteli. Katikati ya maongezi akataja, kama mtu anayetaja mwavuli, kwamba mguu wa kuku uko kwenye kisanduku cha dashibodi, umejaa risasi, na leseni ya Ohio iko mfukoni.

Nikamwambia asitie gari gia kwanza. Mbele yake kulikuwa na daraja la mto Delaware, na ng'ambo ya daraja lile ile leseni ya Ohio ni kipande cha plastiki tu. New Jersey haitambui kibali cha jimbo lingine lolote. Kukutwa na bastola bila kibali cha huko ni kosa la jinai la daraja la pili, kifungo cha miaka 5 hadi 10, na miezi 42 ya mwanzo huwezi kuikwepa kwa tabia njema. Shemeji ana grini kadi, na nitaeleza hapa chini kwa nini hilo ndilo lililonitoa jasho.

Si mtu mzembe. Alifikiri kama tunavyofikiri wengi tuliokulia Afrika Mashariki. Kwetu serikali ni moja: kibali cha silaha ulichopewa Nairobi ni kilekile Kisumu. Tena hapa Marekani leseni ya udereva ya Ohio inakubalika kila jimbo, na cheti cha ndoa vilevile. Basi mtu anaona kibali cha bastola nacho kitakuwa hivyo hivyo. Sivyo. Hakuna sheria ya shirikisho inayolazimisha jimbo moja kukubali kibali cha kubeba silaha cha jimbo jingine. Muswada wa kuleta utaratibu huo umepelekwa bungeni Washington mara nyingi na bado haujawa sheria. Hata hukumu ya Mahakama ya Juu ya Juni 2022 katika kesi ya Bruen, iliyosema raia wana haki ya kubeba silaha nje ya nyumba, haikugeuza kibali chako kuwa cha nchi nzima.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya ndugu zetu madereva wa malori na wasafiri wa harusi na misiba, ambao wiki moja wako Louisville na ya pili wako Dallas. Fuata hatua kwa mpangilio wake, kwa sababu ukikwama kwenye ya kwanza, zilizobaki hazikuhusu.

Hatua ya kwanza: je, wewe mwenyewe unaruhusiwa kushika silaha?

Kabla ya kuuliza habari za jimbo, uliza habari zako. Sheria ya shirikisho ina orodha ya watu wasioruhusiwa kumiliki wala kushika bunduki au risasi popote Marekani, na jimbo haliwezi kuilegeza. Wamo waliopatikana na hatia ya kosa ambalo kifungo chake kinaweza kuzidi mwaka mmoja, waliotiwa hatiani kwa kumpiga mwenzi wa ndoa hata kama lilihesabiwa kosa dogo, na walio chini ya amri ya mahakama ya kutomsogelea mwenzi. Wamo pia wasio na karatasi za kuishi nchini, na hata walioingia kwa viza za muda: wanafunzi, wafanyakazi wa mkataba, wazazi waliokuja kutembea. Kwa hawa wa viza kuna mianya michache, kama vile kuwa na leseni halali ya uwindaji, lakini usiitegemee kabla ya kuongea na wakili.

Neno "kushika" lichukulie kwa maana yake halisi. Nimeona picha za mjomba aliyetoka Mwanza kutembelea wanawe, amesimama kwenye uwanja wa kulenga shabaha, bastola mkononi, anacheka. Vijana walitaka kumfurahisha mzee. Hawakujua kwamba ile picha inaweza kuwa ushahidi. Mwanafunzi mmoja kutoka Falme za Kiarabu, Hamid Rehaif, alifeli chuo huko Florida, viza yake ikakosa nguvu, naye akaenda kulenga shabaha. Akashtakiwa na kuhukumiwa miezi 18. Kesi yake ilifika Mahakama ya Juu, na mwaka 2019 majaji wakasema serikali lazima ithibitishe kwamba mshtakiwa alijua hali yake ya uhamiaji. Sasa jiulize: mjomba mwenye viza ya matembezi atasema hakujua kwamba ana viza ya matembezi?

Wenye grini kadi na wakimbizi walioingia kwa utaratibu wa ukimbizi hawamo kwenye katazo hilo la shirikisho, ingawa baadhi ya majimbo yana masharti yake ya ziada. Mwenye kesi ya hifadhi inayoendelea kusikilizwa asiguse silaha yoyote mpaka wakili wa uhamiaji amwambie, kwa maandishi, kwamba anaweza.

Halafu kuna bangi. Ohio imeihalalisha tangu Desemba 2023, Colorado na Michigan zamani zaidi. Lakini kwa serikali ya shirikisho mvutaji wa bangi bado yumo kwenye orodha ya waliokatazwa silaha, hata kama anavuta kwa karatasi ya daktari. Bastola na bangi kwenye gari moja ni kosa linalokungoja.

Sasa lile la grini kadi. Sheria ya uhamiaji inasema mgeni yeyote aliyetiwa hatiani kwa kununua, kuuza, kumiliki au kubeba silaha kinyume cha sheria anaweza kufukuzwa nchini. Haiulizi kama ulimtishia mtu. Haiulizi umekaa miaka mingapi, wala watoto wako wamezaliwa wapi. Raia aliyekamatwa New Jersey anahofia jela; mwenye grini kadi anahofia jela na baada yake ndege ya kurudi. Ndiyo maana ninawasihi msichukulie hili kama suala la faini.

Hatua ya pili: soma kibali chako vizuri

Tangu Louisiana ilipojiunga Julai 2024, majimbo 29 yanamruhusu mtu mzima asiyekatazwa na sheria kubeba bastola kwa kificho bila kibali chochote. Ohio ilianza Juni 2022, Texas Septemba 2021, Kentucky 2019. Kwa sababu hiyo watu wengi wameacha kuchukua leseni. "Ya nini kukaa darasani saa nane na kulipa ada kwa ofisi ya sherifu wakati sheria inaniruhusu bure?"

Jibu langu: kwa sababu unasafiri. Ruhusa ya kubeba bila kibali haivuki mpaka pamoja nawe. Ukitoka Ohio bila leseni na kuingia jimbo linalodai kibali, huna cha kuonyesha. Mwenye leseni anaweza kukubaliwa na majimbo kadhaa yaliyoamua kutambua vibali vya Ohio. Kama unavuka mipaka hata mara mbili kwa mwaka, chukua leseni.

Kisha angalia kama leseni yako ni ya mkazi au ya asiye mkazi. Utah na Arizona, kwa mfano, hutoa vibali kwa watu wasioishi huko, na madereva wengi wanavipenda kwa kuwa vinaongeza orodha ya majimbo. Lakini Michigan na Colorado hukubali kibali cha nje pale tu kilipotolewa na jimbo unaloishi. Ukihama, kumbuka hili. Mtu amehama Texas kwenda Iowa mwezi wa tatu, na mpaka mwezi wa nane bado anatembea na leseni ya Texas. Kwa majimbo kama hayo mawili ni kama hana kitu.

Hatua ya tatu: andika majimbo yote utakayokanyaga

Chukua karatasi. Andika jimbo unalotoka, kila jimbo utakalopita hata kwa dakika kumi, na jimbo la mwisho. Barabara ya I-70 ukitoka Ohio kwenda mashariki inakata West Virginia kwa maili 14 tu kabla ya kuingia Pennsylvania. Umepita majimbo matatu na kahawa yako bado ya moto.

Kwa kila jimbo kwenye karatasi, nenda kwenye tovuti ya serikali ya jimbo lenyewe, ya Mwanasheria Mkuu au polisi wa jimbo, na utafute majibu ya maswali haya. Je, wanaruhusu mgeni kubeba bila kibali, na kuanzia umri gani? Mara nyingi ni miaka 21, lakini si kote. Kama wanadai kibali, je, changu wanakitambua? Nikisimamishwa na askari, ni lazima nimwambie mwenyewe kabla hajauliza? Magazini yangu, yaani kile chombo cha risasi kinachochomekwa kwenye bastola, inaruhusiwa? Ni mahali gani pamekatazwa? Ramani za rangi zinazosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp zitazame kama dokezo tu. Nimekuta moja ikizungushwa miaka mitatu baada ya sheria kubadilika, na kila aliyeituma aliandika "mpya".

Yako majimbo ambayo jibu lake fupi ni hapana kwa kibali chochote cha nje: New Jersey, New York, California, Maryland, Massachusetts, Connecticut, Rhode Island, Hawaii, Oregon, na jiji la Washington. New York ina shimo ndani ya shimo: hata mkazi mwenye leseni ya jimbo hawezi kuingia nayo Jiji la New York bila idhini maalumu ya jiji. Kukutwa na bastola yenye risasi nje ya nyumba yako huko bila leseni ni kosa kubwa ambalo kifungo chake huanzia miaka mitatu na nusu. Massachusetts huanzia miezi 18.

Illinois iko katikati, na madereva wa malori wanaopita Chicago wanapaswa kuielewa. Haitambui kibali chako cha kutembea nacho mtaani, lakini mgeni mwenye kibali cha jimbo lake anaruhusiwa kubaki na silaha ndani ya gari lake. Ukishuka kwenda msalani, bastola haishuki. Inabaki imefungiwa garini.

Suala la magazini watu hulisahau kabisa. Bastola ya Glock 19, ambayo naiona kwa wengi, huja na magazini ya risasi 15. New York, New Jersey na California mwisho ni 10. Colorado na Illinois mwisho ni 15 kwa bastola, kwa hiyo ile ndefu ya 17 iache nyumbani. New Jersey pia ina masharti makali juu ya risasi zenye ncha ya shimo, zile ambazo kwingine ndizo zinazouzwa kwa kujilinda.

Hatua ya nne: kupita jimbo kali bila kusimama

Tuseme shemeji haendi Jersey City. Anakwenda Portland, Maine, kwa msiba wa rafiki Mkongo. Ohio anaruhusiwa, Maine anaruhusiwa, lakini katikati kuna New York kwa maili zaidi ya 380 za barabara ya I-90, halafu Massachusetts. Hapa kuna sheria ya shirikisho ya mwaka 1986, kifungu cha 926A, inayomlinda msafiri. Ina masharti, na kila sharti lina uzito wake.

La kwanza, uwe na haki ya kumiliki na kubeba silaha hiyo kule unakotoka na kule unakokwenda. Lile neno "na kule unakokwenda" ndilo lililomtoa shemeji nje ya ulinzi huu: yeye New Jersey ndiko alikokuwa akienda, hapiti tu. La pili, silaha isiwe na risasi. La tatu, silaha na risasi zisifikike kutoka mahali wanapokaa abiria, yaani ziwe kwenye buti. Kama gari halina buti iliyotengwa, ziwe ndani ya kisanduku kilichofungwa kwa kufuli, na kisanduku hicho kisiwe cha dashibodi wala droo iliyo kati ya viti.

Mimi nafanya hivi. Nyumbani, kabla ya kuwasha gari, natoa magazini, navuta nyuma sehemu ya juu inayoteleza, naangalia chemba kwa macho na kuipapasa kwa kidole. Bastola naiweka kwenye kisanduku kigumu chenye kufuli, risasi kwenye kisanduku kingine chenye kufuli, vyote nyuma chini ya mizigo. Ufunguo unakaa kwenye mkufu mmoja na funguo za nyumba, mbali na swichi ya gari. Sifungui mpaka nifike. Usipange kusimama kwenye kituo cha mwisho cha Pennsylvania ili "ufunge kabla ya mpaka". Mtu mweusi anayehangaika na bastola kwenye maegesho ya kituo cha mafuta usiku, kuna atakayepiga 911, na askari watafika bila kujua nia yako.

Dereva wa lori hana buti, kwa hiyo kisanduku cha chuma nyuma ya kitanda cha kabini ya lori ndicho kimbilio lake. Sheria za usafirishaji za shirikisho hazimkatazi dereva kuwa na silaha, ila kampuni nyingi zinakataza kwenye mkataba, na viwanda vingi unakokwenda kupakia havitaki silaha hata kwenye uwanja wao. Soma mkataba kwanza.

Halafu usikae. Mafuta, choo, chakula, endelea. Usilale New York ukitegemea kifungu cha 926A. Mwaka 2005 bwana mmoja wa Utah, Gregg Revell, alisafiri kwa ndege kwenda Pennsylvania kupitia Newark. Bastola ilikuwa kwenye mzigo, imetangazwa na kufungwa kama inavyotakiwa. Ndege ikachelewa, akakosa safari ya kuunganisha, akachukua mzigo wake akalala hoteli ya uwanjani. Asubuhi aliporudi na kuitangaza silaha upya, akakamatwa. Alikaa mahabusu siku kadhaa. Mashtaka yalifutwa baadaye, lakini aliposhtaki kudai haki, mahakama ya rufaa mwaka 2010 ilisema sheria ya 1986 haikumlinda usiku ule, kwa sababu mzigo ulipokuwa mikononi mwake pale hotelini silaha ilikuwa inafikika. Majaji wakaongeza kwamba angeweza kuwaendea polisi wa uwanja kabla ya kuupokea mzigo. Shika neno hilo: safari ikikatika ghafla kwenye jimbo kali, usiupokee mzigo wenye silaha.

Ujue pia kwamba sheria hiyo inataja silaha na risasi, magazini haitaji. Ukipita New York, beba za risasi 10. Na mara nyingi huko kifungu hiki ni utetezi wa mbele ya hakimu: unakamatwa kwanza, unajieleza baadaye. Kwa mwenye grini kadi, ushauri wangu wa kweli ni kuacha silaha nyumbani kwa safari yoyote inayogusa New York au New Jersey.

Hatua ya tano: ukisimamishwa na askari

Mwaka 2013 Shaneen Allen, mama wa watoto wawili kutoka Philadelphia, alivuka kuingia New Jersey akiwa na kibali chake cha Pennsylvania. Akasimamishwa kwa kosa la kubadilisha njia barabarani. Kwa uaminifu wake akamwambia askari kwamba ana bastola na kibali. Akawekwa pingu. Alikabiliwa na ile miaka mitatu na nusu ya lazima, na ilichukua kelele nyingi mpaka akapewa nafasi ya kutohukumiwa, na msamaha wa gavana Chris Christie mwaka 2015. Uaminifu haukumponza. Kilichomponza ni kutojua, kabla ya kuondoka nyumbani, kwamba kibali chake kimeishia mtoni.

Katika majimbo kama Michigan, North Carolina, Louisiana na Nebraska, ukiwa umebeba ni lazima umwarifu askari mara anapokukaribia. Michigan ukinyamaza, mara ya kwanza ni faini ya dola 500 na leseni kusimamishwa miezi sita. Maine inadai hivyo kwa anayebeba bila kibali. Ohio, tangu 2022, unajibu ukiulizwa.

Namna ya kusema ina uzito kuliko kusema kwenyewe. Tarehe 6 Julai 2016, huko Falcon Heights, Minnesota, Philando Castile, mfanyakazi wa jiko la shule aliyekuwa na kibali halali, alimwambia askari kwa adabu kwamba ana silaha. Sekunde chache baadaye alikuwa amepigwa risasi. Kwa hiyo: zima injini, washa taa ya ndani, shusha kioo, mikono yote miwili juu ya usukani ionekane. Usianze kutafuta leseni kabla ya kuambiwa. Anza na neno kibali, silaha ifuate: kwamba una kibali cha kubeba, kwamba silaha iko mahali fulani, na kwamba mikono yako haiondoki hapa mpaka akuelekeze. Kisha mwache yeye aseme la kufanya, na ukisogeza mkono, tangaza kabla hujausogeza. Karatasi za gari ziweke mbali kabisa na silaha, ili usilazimike kufungua kisanduku chenye bastola ukitafuta bima.

Akiomba kupekua gari, unaweza kukataa kwa maneno, kwa sauti ya chini. Akipekua hata hivyo, usimzuie kwa mkono.

Hatua ya sita: mahali pa kutoingia nayo

Hata kwenye jimbo linalokukaribisha kuna milango iliyofungwa. Majengo ya serikali ya shirikisho, mahakama, kambi za jeshi. Ofisi ya posta: kanuni yake inahusu eneo lote la posta, pamoja na maegesho, kwa hiyo mwenye barua aegeshe barabarani au aache silaha nyumbani. Mbuga za taifa tangu Februari 2010 zinafuata sheria ya jimbo zilimo, lakini majengo ya ndani ya mbuga hayaruhusu.

Kuhusu shule, wengi hawajui hili. Sheria ya shirikisho inakataza bunduki ndani ya futi 1,000, yaani takriban mita 300, kutoka uwanja wa shule. Anayesamehewa ni mwenye leseni iliyotolewa na jimbo lilelile ilimo shule hiyo. Leseni ya Ohio, hata kama Kentucky wanakukaribisha, haikupi msamaha huo Kentucky. Asiyekuwa na leseni kabisa hana msamaha hata jimboni kwake. Silaha isiyo na risasi ndani ya kisanduku kilichofungwa haina tatizo. Mpita njia hajui shule ziko wapi katika mji wa watu, na ndiyo sababu nyingine ya kusafiri nayo ikiwa imefungwa.

Makanisa na misikiti yanatuhusu sana, maana nusu ya safari zetu ni ibada, ndoa na maziko. Ohio na Michigan haziruhusu silaha katika nyumba za ibada mpaka uongozi wa mahali hapo uruhusu. Mpigie mchungaji au imamu kabla, usidhani.

Texas ina mabango yenye nguvu ya sheria. Bango lenye namba 30.06, la Kiingereza na Kihispania kwa herufi zenye kimo cha inchi moja, linamkataza mwenye leseni kuingia na silaha iliyofichwa. Alama nyekundu ya asilimia 51 maana yake ni mahali panapoishi kwa kuuza pombe, na hapo hakuna mjadala. North Carolina haikuruhusu kubeba ukiwa na tone lolote la pombe mwilini, hata kama ulikunywa nyumbani kwa mwenyeji wako.

Kwa ndege mambo ni mepesi kuliko watu wanavyohofia: haina risasi, ndani ya sanduku gumu lenye kufuli, kwenye mzigo unaokabidhiwa, na unatangaza kaunta. Risasi ziwe kwenye boksi lake. Kinachowaponza watu ni begi la mkononi waliloenda nalo kulenga shabaha wiki iliyopita. Mwaka 2023 wakaguzi wa viwanja vya ndege walinasa silaha 6,737 kwenye vizuizi vya abiria, nyingi zikiwa na risasi. Faini inaweza kufika maelfu ya dola, mbali na polisi wa mahali hapo. Na kabla ya kuitangaza kaunta, hakikisha jimbo la uwanja huo linakuruhusu kuwa nayo.

Wa Buffalo na Detroit, msijaribu kuvuka kwenda Kanada na bastola. Na chungulieni viti vya nyuma kabla ya daraja.

Hatua ya saba: ukikamatwa

Toa jina na karatasi zako, kisha useme unataka wakili, na unyamaze. Usijieleze, usiombe radhi, usisimulie kwamba Ohio wanaruhusu. Maneno hayo yanathibitisha kwamba silaha ni yako.

Wakili akija, jambo la kwanza mwambie hali yako ya uhamiaji. Usione haya. Jose Padilla, mzaliwa wa Honduras, mwenye grini kadi kwa zaidi ya miaka 40 na mwanajeshi wa zamani wa Marekani wakati wa vita vya Vietnam, alikamatwa Kentucky akiendesha lori lenye bangi. Wakili wake alimwambia akiri, kwamba amekaa nchini muda mrefu na hakuna wa kumfukuza. Alikosea. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu iliamua kwamba wakili wa jinai ana wajibu wa kumweleza mteja kama kukiri kosa kutamletea hatari ya kufukuzwa. Udai wajibu huo. Usikubali makubaliano yoyote ya kukiri, hata yale yanayoahidi kwamba kesi itafutwa baada ya mwaka, kabla wakili wa uhamiaji hajayasoma. Kwa sheria ya uhamiaji, kukiri kosa pamoja na adhabu yoyote, hata kama ni uangalizi tu, kunaweza kuhesabiwa kuwa hatia, hata jimbo likifuta baadaye.

Shemeji usiku ule aligeuza gari. Harusi aliiona kwa WhatsApp, na mpwa wake alinuna wiki mbili. Siku hizi ana kadi ndogo kwenye pochi aliyoiandika kwa mkono: namba ya wakili wa jinai, namba ya wakili wa uhamiaji, na ya mkewe. Ya wakili wa jinai ameikariri, kwa sababu mahabusu simu inachukuliwa, na pochi pia.